NYUMBA ALIYOIACHA BABU
Habari za wakfu wa kizazi, tangu Madina mpaka Pwani yetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wetu hawapendi kulitaja mpaka jeneza limekwisha kutoka mlangoni. Nalo ni jambo la nyumba. Hakuna mji katika Pwani hii, ukianzia Lamu ukashuka Malindi, Mombasa, Tanga na Pangani, ukavuka mpaka Unguja na Pemba, usiokuwa na nyumba ambayo watu huitaja kwa kusema, "Hiyo ni nyumba ya babu, haiuzwi." Ukiwauliza, "Haiuzwi kwa nini?" watakujibu, "Ni ya wakfu." Ukiwauliza tena, "Nani aliiwakifu? Aliwawakifia nani? Mutawalli wake ni nani? Waraka wake uko wapi?" hapo utawaona wanatazamana.

Basi kabla hatujatazamana sana, natuirejee tarikhi. Tujue wakfu wa kizazi ni kitu gani, ulitoka wapi, ulivunjwa na nani, ukarudishwa vipi, na unavunjwa na nani sasa. Naamini ukifika mwisho wa maneno haya utaona kuwa yule anayeuvunja hivi leo hakai mbali nasi.

ASILI YAKE

Asili ya wakfu ni shamba la Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Alipata ardhi Khaibar ambayo hakuwahi kupata mali aliyoipenda kuliko hiyo, akamwendea Bwana Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri. Mtume akamwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Sayyidna Umar akafanya hivyo, akashurutisha kwamba ardhi isiuzwe, wala isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Na mazao yake yawe ya mafakiri, na jamaa, na kuwakomboa watumwa, na njia ya Mwenyezi Mungu, na wageni, na wasafiri. Na anayeisimamia akapewa ruhusa ya kula kwa wema, bila ya kujilimbikizia mali. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na wanavyuoni wameifanya ndiyo msingi wa mlango mzima wa wakfu.

Itazame vizuri, ndugu yangu. Jamaa wametajwa humo pamoja na mafakiri. Tena Sayyidna Umar hakuacha jambo likielea. Aliandikisha, akaweka masharti, akamtaja na msimamizi wa baada yake. Na msimamizi huyo alikuwa nani? Alikuwa binti yake, Bibi Hafsa, mkewe Mtume, kama alivyopokea Abu Daud. Basi wale wanaosema kuwa mambo ya mali si ya wanawake, na wajue kuwa wakfu ule mkubwa wa mwanzo uliwekwa mikononi mwa mwanamke.

Kisha yuko Abu Talha, tajiri wa mitende katika Ansari. Alikuwa na bustani iitwayo Bairuha, iliyoelekea Msikiti wa Mtume, na Mtume mwenyewe akiingia humo akinywa maji yake mazuri. Ilipoteremka aya ya Sura Aali Imraan inayoeleza kuwa mtu hafikii wema mpaka atoe katika vile anavyovipenda, Abu Talha akaitoa bustani ile kwa ajili ya Mungu. Mtume akamshauri awape jamaa zake wa karibu, naye akaigawa kwa jamaa na watoto wa ami zake. Haya ndiyo mafunzo ya dini yetu: kumpa fakiri wa mbali ni sadaka, na kumpa jamaa ni sadaka na kuunga ujamaa, thawabu mbili kwa pamoja.

Na wa tatu ni Zubeir bin Awwam (R.A.). Huyu aliziwakifu nyumba zake kwa watoto wake, na katika masharti yake akaweka moja ambalo ningependa kila baba alijue: binti yake aliyeachwa na mumewe akarudi, ana haki ya kukaa humo, asidhuru wala asidhuriwe. Akiolewa tena akatosheka na nyumba ya mume, basi haki hiyo haipo. Bukhari ameitaja habari hii katika mlango wa wakfu.

Hii, ndugu msomaji, ndiyo roho ya wakfu wa kizazi. Watoto wa kiume walikuwa na mikono na ngamia. Walikuwa na pa kwenda. Zubeir alimfikiria yule atakayerudi usiku na kijisanduku chake na mtoto mgongoni. Akamwekea mlango ambao hakuna kaka wala wifi wa kumfungia.

WAZEE WETU WA PWANI

Wazee wetu waliyapokea haya wakayatenda. Waliwakifu misikiti na visima, mashamba ya minazi na mikarafuu, maduka ambayo kodi yake hununua mafuta ya taa za msikiti, na vitabu ambavyo juu ya ukurasa wa kwanza huandikwa kuwa ni wakfu kwa wanafunzi wa mji fulani. Wengine waliwakifu ili wasomewe Kur-ani makaburini. Wengine, hasa Unguja, Pemba na Mombasa, waliwakifu nyumba na mashamba kwa watumwa waliowaacha huru na vizazi vyao, ili aliyepata uhuru asikose pa kuweka kichwa.

Na wengi waliwakifu nyumba kwa watoto wao na watoto wa watoto wao, vizazi baada ya vizazi, na watakapokwisha wote, iwe ya mafakiri au ya msikiti. Hiyo ndiyo wakfu wa kizazi. Katika miji kama Lamu, ambako ada ya wenyeji ilikuwa binti apewe nyumba anapoolewa, mume akaingia kwa mke, jambo hili liliingia katika desturi ya watu bila ya tabu. Nyumba ya mawe ilikuwa ni sitara ya mwanamke, na wakfu ni kufuli la sitara hiyo.

Mambo haya yakisimamiwa na mutawalli, na juu yake kadhi. Walipoingia Waingereza katika utawala wa Zanzibar, mwaka 1905 kukaundwa kamisheni ya kuangalia mali za wakfu, na huko Kenya pia wakawekwa makamishna wa wakfu. Serikali ikashika daftari. Na juu ya mahakama zote za makadhi zikakaa mahakama za Kiingereza, na juu yao ikakaa rufaa ya London. Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

HUKUMU YA LONDON

Mwaka 1894 lilifikishwa mbele ya baraza kuu la rufaa la dola ya Kiingereza, liitwalo Privy Council, shauri kutoka Bengal. Ndugu wawili wa Kiislamu huko walikuwa wameiwakifu mali yao kwa watoto wao na vizazi vyao, na watakapokwisha, iwe ya mafakiri, mayatima na wajane. Shauri hilo linajulikana mpaka leo katika vitabu vya sheria kwa jina la Abul Fata Mahomed Ishak. Hukumu aliisoma Lord Hobhouse, naye akaubatilisha wakfu ule. Sababu yake ilikuwa kwamba mafakiri wametiwa mwisho kwa jina tu. Huenda ukoo usikwishe kwa mamia ya miaka, basi sadaka iko wapi? Akaona kuwa huku ni mtu kuifunga mali ndani ya ukoo wake kwa kisingizio cha dini.

Ili tusiwe kama watu wasemao bila ya kufahamu, natueleze alikotoka mzee huyu. Katika sheria ya Kiingereza mtu anaweza kuiweka mali mikononi mwa wadhamini kwa faida ya watu wengine, nayo ni amana inayofanana kidogo na wakfu. Lakini wao zamani walitaabishwa na mabwana wakubwa waliokuwa wakiifunga ardhi katika koo zao milele, basi wakaweka mpaka: mali isifungwe milele ila kwa kazi ya sadaka, yaani maskini, elimu, dini na mfano wa hayo. Basi Lord Hobhouse alipoutazama wakfu wa wale ndugu wa Bengal, aliutazama kwa miwani hiyo. Kwake yeye kumlisha mwanao si sadaka. Kwa Mtume wetu (S.A.W.) kuwalisha ahali zako ni katika sadaka zilizo bora. Miwani ni mbili, na aliyevaa moja hawezi kuona kilichoandikwa kwa nyingine.

Waislamu wa Bara Hindi hawakunyamaza. Sayyid Ameer Ali, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta, alikuwa amekwisha kuitetea rai ya wanavyuoni hata kabla ya hukumu hiyo, na aliendelea kuitetea kwa kalamu yake. Mwanachuoni Shibli Nomani akakusanya hoja za dini. Na kijana mwanasheria, Muhammad Ali Jinnah, akaupeleka mswada katika baraza la kutunga sheria. Na mwaka 1913 ikapita sheria ya kuthibitisha wakfu wa Waislamu kwa watoto na vizazi vyao. Hata hiyo haikuwaokoa wale waliowakifu kabla yake, mpaka ilipokuja sheria nyingine mwaka 1930 ikayatengeneza ya nyuma.

Hebu zingatia hapo. Tangu 1894 mpaka 1913 ni miaka 19, na mpaka 1930 ni miaka 36. Katika muda huo kila mrithi mwenye tamaa, na kila mdai aliyemkopesha mrithi huyo, alijua mlango wa kupitia: nenda mahakamani, sema wakfu huu ni wa kizazi, utauvunja.

JAMBO LILIVYOFIKA KWETU

Sheria ya 1913 ilikuwa ya Hindi, haikuvuka bahari. Lakini hukumu ya 1894 ilivuka, kwa kuwa Pwani yetu na Hindi zilikuwa na baraza moja la rufaa huko London. Wakili akisimama katika mahakama ya Zanzibar au ya Mombasa, aliweza kuifungua hukumu ile ya Bengal akaisoma, ilhali dawa yake iliyopatikana Hindi haikuwa na nguvu huku.

Mwaka 1946 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliifuata hukumu hiyo katika shauri la wakfu lililotoka Zanzibar. Mwaka huo huo Zanzibar ikapata dikrii ya kuthibitisha wakfu wa kizazi, mfano wa sheria ya Hindi. Ama kutoka Kenya, shauri la wakfu wa ukoo wa Bakhshuwen lilipanda mpaka London kwenyewe, na hukumu yake imechapishwa katika taarifa za kesi za mwaka 1952. Huko ilijadiliwa kuwa watu wa Pwani ni wafuasi wa Imam Shafi, na hukumu ya 1894 ilihusu Waislamu wa Bengal, basi je, inawafunga? Wazee wa baraza wakajibu kuwa inawafunga. Kwani hukumu ile ilitolewa juu ya sheria ya Kiislamu kwa jumla, wala si juu ya madhehebu ya Hindi peke yake. Yaani neno la majaji wa Kikristo wa London juu ya sheria yetu lilishinda vitabu vya fikihi vinavyosomeshwa misikitini mwetu.

Lakini Mwenyezi Mungu hufungua. Mwaka 1951 Kenya ilitunga sheria mpya ya makamishna wa wakfu, na ndani yake ikathibitisha kuwa Muislamu anaweza kuwakifu kwa ahali zake, watoto wake na vizazi vyake, madhali mwisho wake ni wa mafakiri au jambo jingine la kheri lisilokatika, na hata kama zamu ya mafakiri itachelewa mpaka ukoo ukwishe.

Tukaokoka. Wakfu wa kizazi umerudi katika sheria, na mpaka leo haujaondolewa. Na mambo mengine pia yalitengenezwa. Mwaka 1963, kabla ya uhuru, Mzee Jomo Kenyatta na Sheikh Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walipeana barua za kukubaliana kuwa mahakama za makadhi zitahifadhiwa katika Pwani ya Kenya, na Katiba ya 2010 imezitaja katika kifungu cha 170. Sheria ya Urithi ya Kenya iliyopitishwa 1972, ikaanza kutumika Julai 1981, iliwatia Waislamu katika kanuni moja na watu wote. Waislamu wakaipinga, na mwaka 1990 ikarekebishwa ili mirathi ya Muislamu igawanywe kwa sheria ya dini yake. Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo inaweza kuamua mirathi kwa sheria ya Kiislamu. Zanzibar wako makadhi, na iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo sheria yake ni ya mwaka 2007.

Basi kama sheria imerudi, na makadhi wapo, mbona nyumba za babu zinaendelea kuanguka?

MISRI NA SHAMU

Hapa nataka nikutajie jambo litakalokushangaza. Wakati ule ule ambapo Pwani yetu ilikuwa ikiurudishia uhai wakfu wa kizazi, nchi mbili za Kiislamu ziliufuta kwa mikono yao wenyewe: Shamu, yaani Syria, mwaka 1949, na Misri mwaka 1952. Hakuwa Lord Hobhouse aliyefuta huko. Walifuta Waislamu, katika nchi yenye Al-Azhar.

Kwa nini? Miongoni mwa malalamiko ya watu ni kuwa vizazi vilizidi mpaka nyumba moja ikawa na wastahiki mamia, kila mmoja akipata senti zisizomtosha nauli ya kuzifuata. Hakuna aliyeona faida ya kutengeneza ukuta. Wasimamizi wakala wakashiba, hesabu hazikutolewa, majumba yakawa magofu. Na baadhi ya waliowakifu walikuwa wamewatoa mabinti wakawaweka wana wa kiume peke yao, wakaigeuza ibada kuwa hila ya kuzikwepa aya za mirathi.

Sisemi kuwa walifanya vyema kuufuta. Hayo yana wenyewe. Nasema kuwa ugonjwa huo tunao. Na sisi tumezidisha mwingine ambao pengine wao hawakuwa nao sana, nao ndio ulionifanya nishike kalamu.

WAKFU USIO WAKFU

Ndugu yangu, nyumba nyingi tunazoziita za wakfu si za wakfu. Ni mirathi iliyocheleweshwa.

Baba alikufa. Watu wakaona haya kugawanya arubaini haijafika. Arubaini ikafika, wakasema tumngoje mama amalize eda. Mama akamaliza eda, wakasema tutamvunja moyo. Kaka mkubwa akawa anapokea kodi, "kwa niaba ya wote". Miaka ikapita, mtoto akazaliwa akaikuta nyumba haijagawanywa, akauliza, akaambiwa, "Hii ni ya ukoo." Mjukuu akauliza, akaambiwa, "Hii ni ya wakfu." Hakuna aliyewakifu. Hakuna tamko, hakuna shahidi, hakuna sharti. Na wakfu katika madhehebu yetu hauwi ila kwa nguzo nne: anayewakifu, kinachowakifiwa, wanaowakifiwa, na tamko. Kunyamaza si tamko.

Na madhara yake ni ya hesabu, wala si ya maneno. Chukua mtu aliyekufa akaacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumni. Inayobaki ni ya watoto, mwanamume hisa mbili na mwanamke hisa moja. Igawe nyumba mafungu 40: mke 5, kila mwana wa kiume 14, binti 7. Hesabu hii hata mtoto wa chuoni ataifanya.

Sasa wamenyamaza. Kabla ya kugawanya akafa mmoja wa wana wale, akaacha mama yake, mke, mwana mmoja na binti mmoja. Mafungu yake 14 yanahitaji kugawanywa tena: mama sudusi, mke thumni, na inayobaki kwa wanawe. Yale mafungu 40 hayatoshi tena. Nyumba ile ile sasa ni mafungu 1,440. Mama ana 264, mwana aliye hai 504, binti 252, mjane wa marehemu wa pili 63, mwanawe 238, na binti yake 119. Jumlisha utapata 1,440 kamili. Wanavyuoni wa mirathi huiita munasakha, na ni katika milango migumu ya elimu ya faraidh.

Hiyo ni maiti moja tu iliyozidi. Zikifika tano au sita, kadhi atakaa na karatasi siku nzima. Na yule binti yatima mwenye mafungu 119, ambaye haki yake ni karibu sehemu moja katika kumi na mbili ya nyumba, nani atamwambia kuwa anayo? Ami yake ndiye apokeaye kodi. Naye Mwenyezi Mungu katika Sura An-Nisaa amewaonya wale mali ya mayatima kwa dhulma kuwa wanakula moto matumboni mwao. Kukosa kujua hesabu si udhuru kwa mtu aliyekataa kuihesabu.

Ukumbuke pia sababu ya kuteremka aya zile. Sa'ad bin Rabii alikufa shahidi Uhud, akaacha mke na mabinti wawili. Ami yao akaishika mali yote. Mama yao akaenda kushtaki kwa Mtume (S.A.W.), zikateremka aya za mirathi, na Mtume akamwita yule ami akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, na mama yao thumni, na kinachobaki ndicho chake. Basi kila ami anayekaa juu ya nyumba isiyogawanywa amekaa mahali pa yule ami, kabla ya kuitwa.

LILILO WAJIBU WETU

Sitaki nikuache na majonzi matupu. Nitakueleza la kufanya, nawe umweleze mwenzio.

Kwanza, mwenye mali asilale bila ya wasia. Mtume (S.A.W.) amehimiza kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asipitishe masiku mawili ila wasia wake umeandikwa. Andika madeni yako na amana za watu zilizo kwako, kwani deni hulipwa kabla ya wasia, na wasia kabla ya mirathi. Na wasia wako usizidi thuluthi, wala usiwe kwa mrithi ila warithi wenzake wakiridhia baada ya kufa kwako. Sa'ad bin Abi Waqqas alitaka kuusia zaidi, Mtume akamkomesha kwenye thuluthi, akamwambia kuwa hata hiyo ni nyingi, na kuwaacha warithi wakijitosha ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu.

Pili, ukitaka kuwakifu nyumba kwa wanao, wakifu ukiwa mzima, kwani wakfu wa mgonjwa wa ugonjwa wa mauti una hukumu ya wasia. Na usimtoe binti. Bashiir alipotaka kumpa mwanawe Nu'uman zawadi akawaacha wengine, Mtume alikataa kuwa shahidi wa jambo hilo. Jiulize kama unalolifanya angelikubali kulishuhudia. Iga sharti la Zubeir: mtaje binti atakayerudi.

Tatu, andika unachowakifu kwa uwazi. Katika Pwani yetu ardhi huweza kuwa ya mtu, minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine, na nyumba ikawa ya wa tatu. Ukiandika "shamba langu" bila ya kueleza, umewaachia wanao kesi. Kisha uusajili waraka wako kwa wanaohusika, makamishna wa wakfu na ofisi ya ardhi. Wazee wetu wa Kenya waliyaona ya mwaka 1908, ilipotoka sheria ya hati za ardhi ya kumtaka kila mwenye dai aje alithibitishe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa ya serikali. Mungu aliijua ni ya nani, lakini daftari halikujua. Na wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, mtaje mutawalli, na wa baada yake, na ushurutishe atoe hesabu kila mwaka mbele ya wastahiki wote, wake kwa waume. Tena sharti liwepo kuwa kodi kwanza itengeneze nyumba: chokaa, boriti, dari, ndipo kinachobaki kigawanywe. Wakfu unaogawanya kila senti na kuacha paa livuje umejichimbia kaburi lake.

Tano, kama nyumba si ya wakfu, basi igawanyeni. Nendeni kwa kadhi au mahakama inayohusika mkachukue idhini ya usimamizi wa mirathi, kila mtu aandikiwe fungu lake. Kugawanya si lazima kuuza. Mnaweza kujua mafungu yenu na mkakaa pamoja kwa ridhaa, na anayetaka akanunua la mwenziwe kwa bei ya haki. Na mkitaka kuifanya wakfu kwa kweli, mnaweza: kila mtu mzima mwenye akili timamu aliwakifu fungu lake kwa hiari yake, mbele ya mashahidi. Mali ya mtoto mdogo haiwakifiwi na mtu mwingine.

Hayo, ndugu msomaji, ndiyo niliyotaka kukuambia. Majaji wa London waliuvunja wakfu wetu kwa sababu hawakuufahamu, na Waislamu waliokuwa macho wakaurudisha kwa elimu, kalamu na subira. Sisi tunaoufahamu tunauvunja kwa kunyamaza, na hakuna baraza la kutunga sheria litakalotutungia sheria dhidi ya ukimya wetu. Basi leo usiku, baada ya kusali Isha, mwite mkeo, au mumeo, waiteni watoto mliojaaliwa. Itafuteni ile hati iliyo chini ya sanduku. Isomeni kwa sauti. Na kama hakuna hati, basi angalau lijueni hilo kabla hajatoka mwengine mlangoni akiwa juu ya mabega ya watu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliowakifu kwa ikhlasi, azihifadhi haki za mayatima na wajane, na atujaalie tuwe watu wa kuacha wasia ulioandikwa na mali iliyogawanywa, wala tusiache ugomvi. Amin.